Gumzo la Ukoo: Pilipili za Hamisi

Shangazi Rehema: Habari za jioni, wanangu. Kabla hatujagawana kazi za mapishi ya Jumapili, namwomba Hamisi atueleze kwa nini kila sufuria anayoishika hututoa machozi.

Hamisi: Shikamoo, Shangazi. Napenda pilipili, wala sioni haya kusema hivyo, kwa sababu chakula kisichowasha nakimaliza bila kujua nimekula nini. Watu hudhani kwamba ndimi zetu zimekufa ganzi, ilhali ukali huo tunausikia pia, isipokuwa tumeuzoea na tunaufurahia. Isitoshe, hakuna kinachoungua mdomoni: kemikali iitwayo kapsaisini hushika kipokezi kilekile cha neva kinachotambua joto linalopita nyuzi 43 hivi za Selsiasi, na ubongo ukaletewa habari za moto ambao haupo. David Julius, aliyekigundua kipokezi hicho, alitunukiwa Nobel ya Tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Jasho linalonitiririka ni mwili unaohangaika kujipoza, na ukali unapoanza kupungua hunijia raha ambayo sijaipata katika chakula kingine chochote.

Mwanaidi: Kama moto wenyewe haupo, kaka, mbona hunifuata hadi msalani kesho yake asubuhi?

Hamisi: Vipokezi hivyo vimo pia katika njia ya chakula hadi mwisho wake, dada yangu. Hapo sina utetezi.

Mjomba Athumani: Mimi huzitoa mbegu zote, na bado pilipili huniwasha hadi masikioni.

Hamisi: Shikamoo, Mjomba. Mbegu zinasingiziwa tu. Ukali hutengenezwa katika utando mweupe unaozishikilia mbegu, kwa hiyo ukiukwangua huo kwa ncha ya kisu utapunguza mwasho mwingi na kubaki na harufu, ambayo kwangu ndiyo nusu ya utamu. Ukiwashwa, usikimbilie maji, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani yake na utazidi kuisambaza mdomoni. Kunywa maziwa, kwa sababu protini yake iitwayo kaseini huibandua kutoka ulimini.

Nasra: Kaka Hamisi, kwa nini usituletee ile Pepper X, ambayo Guinness, watunza rekodi za dunia, waliitangaza mwaka 2023 kuwa kali kuliko zote duniani, kwa wastani wa vipimo 2,693,000 vya Scoville, yaani vya ukali wa pilipili?

Hamisi: Hapana, mdogo wangu. Mashindano ya namna hiyo siyapendi hata kidogo, kwa maana ukali unaokufanya ushindwe kutambua ulichokula ni adhabu, na mimi hula pilipili kwa ajili ya kula.

Shangazi Rehema: Marahaba, Hamisi, nimekuelewa. Jumapili utapika bila pilipili, yako utaikatia kwenye kibakuli cha pembeni ili anayetaka ajiongezee, na kisu hicho utakiosha wewe mwenyewe kabla mtu mwingine hajakishika na kujipangusa macho.