Sona nifunge wapi kwenye kayaki? (Mtera)

MgogoMajini
Wakuu, salaam. Nina kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu, mtumba wa Dar. Naishi Dodoma mjini, wikiendi nashuka bwawa la Mtera kutafuta perege. Nimenunua sona, kile kifaa cha kutafutia samaki kwa mawimbi ya sauti, ya skrini ya inchi 5 na betri ya asidi, 12V 7Ah. Naona skrini ikae katikati ya mapaja, kihisi (kinachotuma na kupokea sauti majini) kining'inie ubavuni, betri ilale mbele kabisa. Aliyewahi anisaidie kabla sijatoboa. Na msinicheke, najua, Mgogo na kayaki wapi na wapi.

FundiMtera
Mkuu, drili weka kando kwanza. Laza kayaki uani, kaa, shika kafi, piga hewani kama unapambana na upepo wa mchana. Popote kafi au ngumi inapogusa, hapawekwi kitu. Halafu jifanye unarusha ndoano na kuvuta samaki. Hapo mapajani utapahama mwenyewe, maana mshipi utajizungusha kwenye skrini kila mara.

Yangu iko mbele ya goti la kushoto, naifikia bila kuinama. Nimeibana kwenye reli, sijatoboa. Kulia nimeacha patupu kabisa, ndiko ninakopandia nikipinduka. Wengi hawalifikirii hili: uko majini na boya kifuani, unatafuta pa kujivutia, unakutana na nguzo ya skrini na waya. Na lile bwawa lina viboko na mamba, si pa kuelea huku ukitafakari.

Kihisi usikining'inize hata kidogo. Mtera maji yalimeza miti, visiki viko chini tele, kitang'oka siku hiyohiyo. Kibandike ndani, sakafuni, penye plastiki ya tabaka moja isiyo na sponji. Gundi isibaki na kiputo, hewa inaua mawimbi ya sauti. Nguvu itapungua kidogo, ila kule huvui kwenye kina cha kutisha. Kipimo cha joto kitakuwa kinasoma plastiki zaidi kuliko maji, kisahau.

Mama_Hombolo
Betri mbele hapana, kaka. Ya asidi ina kilo 2 na ushei, pua inazama na mawimbi yanakupandia. Weka nyuma ya kiti, chini, ndani ya kopo la mfuniko wa kubana, ulifunge lisitembee. Fyuzi ikae jirani na ncha chanya ya betri, siyo kule kwenye skrini.

MgogoMajini
Nimekaa uani na kafi, watoto wa jirani wanauliza bahari iko wapi. Mapajani kweli hapafai. Ila mimi narushia mkono wa kushoto. Nigeuze vyote?

FundiMtera
Geuza. Skrini kulia, kupandia kushoto. Ila huko kupanda kajizoeze kwanza kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, siyo Mtera.