Kanuni za ujenzi za mji wetu zinambana aliyeomba kibali na kumwacha aliyejenga bila kuuliza

Ndugu wanajukwaa,

Nimekaa na jambo hili kwa miezi 14, nikiandika barua, nikifuatilia ofisini na kuambiwa nirudi wiki ijayo. Leo nalileta hapa kwa sababu nimechoka kusikia kwamba suala langu linashughulikiwa huku ukuta ninaoulalamikia ukizidi kupanda.

Kanuni za mji wetu mdogo zinataka kila jengo la makazi liache mita 3 kati ya ukuta wake na mpaka wa jirani. Jirani yangu wa upande wa mashariki amejenga nyumba ya ghorofa akaacha sentimita 70. Nilipima mwenyewe kwa futikamba kuanzia kwenye jiwe la mpaka, nikapima tena mbele ya shahidi, na afisa wa mipangomiji alipokuja na vifaa vyake naye akapata zile zile 70, akaziandika kwenye daftari lake nikiwa nimesimama pembeni. Upenu wa paa la jirani umefika hadi juu ya mpaka wenyewe, kwa hiyo maji yote ya mvua ya upande ule yanamwagika kwangu. Yamekwisha kuchimba mfereji kando ya msingi wa nyumba yangu, na juzi nilipotia mkono humo kiganja kizima kilizama. Nikifungua dirisha la jikoni naona matofali ambayo hayajapigwa lipu, kutoka kushoto hadi kulia, na saa nne asubuhi inabidi niwashe taa ili nione ninachokata.

Kinachoniumiza zaidi ya maji na giza ni kwamba mimi nilizifuata kanuni hizo hizo. Nilipoomba kibali, michoro yangu ilirudishwa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ni kwa sababu baraza la nyumba lilivuka mstari wa mbele unaoruhusiwa kujengwa kwa sentimita 20. Nililipunguza, nikamlipa mchoraji upya, nikasubiri. Sikunung'unika, kwa kuwa niliamini kwamba sentimita 20 zangu zinahesabiwa sawa na za kila mtu.

Wapo watakaosema hizi ni taratibu za makarani tu. Hapana. Nafasi kati ya nyumba na nyumba imewekwa ili moto usiruke kutoka paa moja hadi jingine, hewa na mwanga viingie vyumbani, maji ya mvua yapate pa kupita, na fundi aweze kusimika ngazi bila kukanyaga kwa jirani. Watu walijifunza haya kwa kuumia. Mwaka 1915 lilimalizika jijini New York jengo la Equitable, ghorofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingoni mwa barabara, zikajaza kiwanja chote na kuwatupia majirani kivuli. Mwaka uliofuata, 1916, jiji hilo lilipitisha kanuni zilizolazimisha majengo marefu yarudi nyuma kadiri yanavyopanda. Kisha mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid kilichoko Ohio, ilikubali kwamba mamlaka ya eneo dogo ina haki ya kugawa ardhi kwa matumizi na kuweka masharti ya ujenzi. Katika hukumu ile jaji alieleza kwamba kero inaweza kuwa kitu chema kilichowekwa mahali pasipo pake, mfano wa nguruwe aliye sebuleni badala ya zizini. Hayo ndiyo yangu: sina ugomvi na nyumba ya jirani, nina ugomvi na mahali alipousimamisha ukuta wake.

Sasa tazameni utekelezaji. Nilitoa taarifa ya kwanza msingi ulipokuwa bado mtaro wenye kamba na vigingi, siku ambayo kosa lingerekebishwa kwa kung'oa vigingi na kuvisogeza. Ukaguzi ulifanyika wiki ya saba, kuta zikiwa zimefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Ilani ya kusimamisha ujenzi ilibandikwa getini siku ya Ijumaa, na Jumatatu mafundi walikuwa juu wakimwaga zege. Hakuna aliyerudi kuangalia kama ilani imetiiwa. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa kwamba mwenye nyumba amekwisha tumia fedha nyingi, kwamba kubomoa ni hasara, na kwamba ameshauriwa aombe msamaha wa masharti, yaani ruhusa maalumu ya kutotimiza kanuni fulani ya ujenzi. Fedha hizo alizitumia baada ya ilani! Hasara hiyo ameitengeneza mwenyewe huku ofisi ikimtazama, na leo ndiyo inayotolewa kuwa hoja ya kumtetea.

Msamaha wa masharti una kazi yake, na siupingi. Umewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kiwanja chenyewe kinamzuia kutimiza kanuni: kina pembe tatu, kina mteremko mkali, au kimekatwa na mkondo wa maji. Haukuwekwa kwa ajili ya mtu aliyejitia kwenye shida kwa hiari yake, tena kwenye kiwanja cha mstatili, tambarare, kilichopimwa vizuri. Vilevile nyumba za zamani zilizokuwepo kabla ya kanuni kutungwa zina haki ya kubaki zilivyo, na anayezitaja katika suala hili anachanganya mambo mawili yasiyohusiana. Msamaha ukitolewa kwa kila aliyekwisha jenga, anayeomba kibali kabla ya kuchimba msingi ndiye anayeonekana mjinga.

Wala si mimi peke yangu. Mtaa wa pili kuna gereji ya kuchomelea vyuma katikati ya makazi, na kwenye kona ya barabara kuna ukuta mrefu unaomzuia dereva kuona watoto wanaovuka. Kila mmoja wao amepewa ilani, na kila ilani imeishia hapo ilipobandikwa.

Ninachodai kwa halmashauri si kigumu. Mkaguzi afike wakati wa kuchora msingi kwenye ardhi, kabla ya tofali la kwanza, asaini kwamba vipimo ni sahihi, na bila saini hiyo ujenzi usiendelee. Kila ilani iwe na tarehe ya kukaguliwa upya na jina la afisa atakayewajibika kurudi. Maombi ya msamaha yatangazwe, na jirani anayeathirika asikilizwe kabla ya uamuzi. Mimi nimeyajua maombi ya jirani yangu kwa kuambiwa na fundi wake. Na lile paa likatwe au liwekewe mfereji wa maji kabla ya msimu wa mvua, kwa sababu msingi wangu hautasubiri vikao.

Kama kuna mwenzangu aliyewahi kuandika barua ya pingamizi juu ya msamaha wa masharti akajibiwa kwa maandishi, naomba anieleze aliipeleka kwa nani na alijibiwa baada ya muda gani. Yangu inakwenda Jumatatu, pamoja na vipimo, picha na nakala za barua 6 ambazo hazijajibiwa.