Nimejipima sonona na wasiwasi, nimepata 14 na 16. Ni kawaida au niende hospitali?

Mzee wa Stoo
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 34, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Tangu mvua za vuli usingizi umenikimbia. Nalala saa tano, saa nane niko macho, moyo unaenda mbio. Presha nimepima iko sawa, moyo nimepima uko sawa. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, dozi nimemaliza na kifua bado kinabana. Kazini nahesabu mifuko ya saruji, nikifika katikati nimeshasahau, naanza upya. Simba ikicheza siangalii, na wanaonijua wanaelewa hilo lina uzito gani.

Jamaa akanitumia madodoso mawili, PHQ-9 la sonona (depression) na GAD-7 la wasiwasi. Nimejaza kwa ukweli. Sonona 14 kati ya 27, wasiwasi 16 kati ya 21. La kwanza linasema dalili za kati, la pili kali. Nishike lipi? Wife anasema ni mawazo ya madeni tu, yatapita.

Kijana wa Igoma
14 kati ya 27 si ndiyo nusu tu hapo mkuu 😂 Punguza simu usiku, piga chai ya tangawizi ulale. Nchi ngumu, wote tuna stresi.

Mama Wawili
Igoma acha utani, huo si mtihani wa darasa la saba useme amevuka nusu. Kaka pole sana. Omba Mungu na hospitali uende, kimoja hakimzuii mwenzake.

Nesi wa Zamu
Pole mkuu. Mimi muuguzi, haya madodoso tunayatumia kliniki. Yote yanauliza wiki 2 zilizopita: hapana kabisa ni 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku hizo 2, karibu kila siku 3. Sonona 5 hadi 9 ni dalili ndogo, 10 hadi 14 za kati, 15 hadi 19 zinaelekea ukali, 20 kwenda juu kali. Wasiwasi ngazi zake zinaanzia 5, 10 na 15. Kwa hiyo umesoma sawa, na huna haja ya kuchagua. Sonona na wasiwasi mara nyingi huja pamoja, yote mawili yatashughulikiwa.

Ila mimi jumla siianzi nayo. Naanza na swali la 9 la PHQ, lile la kuwaza bora ungekufa au kujidhuru. Mtu akija na jumla ya 7 lakini pale kaweka 1, haondoki kabla hatujakaa tukaongea. Wewe umeweka ngapi? Halafu chini kabisa kuna swali lisilo na alama, linauliza dalili zimekukwamisha kiasi gani kazini na nyumbani. Hiyo saruji unayorudia kuhesabu ndiyo jibu lake.

Jingine: usingizi, uchovu na hamu ya kula vinapandisha alama hata kwa mwenye upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo. Ndiyo maana karatasi haitoi jina la ugonjwa, inasema tu mtu huyu aonwe. Ukifika 10 kwa lolote, nenda. Na tafadhali usijinunulie diazepamu, ile dawa ya kutuliza, duka la dawa. Ukizoea, kuiacha ni kazi.

Mzee wa Stoo
La 9 niliweka 1. Sikulitaja juu kwa sababu wife naye husoma humu. Mpango wowote sina, ni vile tu unajisemea bora nisingeamka.

Nesi wa Zamu
Asante kwa kulisema. Sasa mwambie yeye usiku huu, kabla hajalisoma hapa. Dawa zote zilizomo ndani azitunze yeye. Kesho asubuhi nenda, Bugando wana idara ya magonjwa ya akili. Wazo likizidi au likianza kuwa na mpango, usisubiri asubuhi, mnakwenda dharura saa hiyohiyo na usibaki peke yako.

Dereva wa Masafa
Mzee, nami nilipita huko. Niliogopa nikitaja akili tu nitasafirishwa Mirembe, hospitali ya akili kule Dodoma. Nilikaa benchi na mwalimu, muuza samaki na dada mjamzito, tukaitwa mmoja mmoja. Nilipewa fluoxetine, dawa ya sonona, na mtu wa kuongea naye. Wiki za mwanzo sikuona kitu, wasiwasi ulipanda hata kidogo, nikabaki na dawa kwa vile walinionya mapema. Kila nikirudi wananijazisha dodoso lilelile. Hapo ndipo niliona faida ya hizo namba, unaona zinashuka.

Kijana wa Igoma
Mkuu samahani kwa utani. Ukikosa mtu wa kukusindikiza nicheki inbox, niko karibu.

Mzee wa Stoo
Nimemwambia. Amelia kidogo, kesho anaomba ruhusa kazini twende wote. Nesi, mapokezini niseme nini? Foleni ndefu na watu wanasikiliza.

Nesi wa Zamu
Mapokezini sema hulali na moyo unaenda mbio, inatosha. Ukiingia kwa daktari toa karatasi ulizojaza, muonyeshe la 9 kwanza kabla hajaanza kukuuliza ya vidonda vya tumbo.