Nyasi za manjano na maji yaliyotuama, Nyamasaria, Kisumu

Mtunza_Uwanja
Hamjambo wenzangu. Natunza bustani ya nyumba kubwa hapa Nyamasaria. Nyasi ni kikuyu, mita za mraba 1,200, juu ya udongo mweusi wa kunata. Sehemu ya bondeni imegeuka manjano, na mvua ikinyesha maji hukaa siku mbili. Nimetia mbolea ya CAN (ya nitrojeni) mara mbili, rangi ni ile ile. Chini ya mwembe nyasi zimeisha kabisa, na ua wa miti ya kayaba umebaki vijiti vitupu upande wa chini. Nianzie wapi?

Fundi_Mitaro
Ndugu, CAN iweke kando. Udongo mweusi ukilowa hufura na kuziba hewa. Mizizi isiyopumua haifyonzi mbolea hata umwage gunia zima, na nitrojeni nyingi hupotelea hewani.

Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Yakiwa bado yamo baada ya saa 24, dawa ni mtaro tu. Uwe na upana wa sentimita 30 na kina cha 45, uteremke sentimita 1 kwa kila mita, na ukae mbali na msingi wa nyumba. Tandika kitambaa cha kuchuja kwanza, kisha kokoto, bomba la inchi 4 matundu yakitazama chini, kokoto tena, funika kwa kitambaa, halafu udongo. Watu huruka kitambaa ili kuokoa pesa, kisha udongo unaingia kwenye kokoto na maji yanarudi pale pale. Mdomo wa bomba usiuelekeze kwenye shimo la choo.

Kwingine uwanjani toboa kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 10, udongo ukiwa na unyevu kiasi. Ukiwa tope utaugandamiza zaidi. Fagilia mboji iliyochekechwa, unene wa sentimita 1: kila mita 100 za mraba hula wilbaro kama 15. Mchanga mtupu usitie kabisa, ukichanganyika na udongo huo hukauka kama tofali.

Nyasi_na_Ua
Kikuyu ni nyasi ya nyanda za juu na inataka jua, kwa hiyo chini ya mwembe usiilazimishe. Panda nyasi ya pemba, inavumilia kivuli, vipande kila sentimita 15.

Kayaba imekatwa vibaya: juu pakiwa papana, chini hapapati mwanga. Kata upana wa juu uwe sentimita 60, wa chini 90. Kata sana upande mmoja mvua za Machi zikianza, wa pili mwaka unaofuata, na utie debe la samadi iliyooza kwa kila mita. Miiba yake ni mirefu, vaa glavu za ngozi na miwani.

Mtunza_Uwanja
Asanteni sana. Shimo limebaki na maji sentimita 12 baada ya siku nzima. Na je, kukata? Nakata kila wiki mbili, nabakisha sentimita 2.

Fundi_Mitaro
Basi ni mtaro. Hizo sentimita 2 ni kuinyonga kikuyu. Bakisha 5, na ukate ikifika 7, usiondoe zaidi ya theluthi. Ncha zikiwa nyeupe zenye nyuzinyuzi, kisu cha mashine ni butu. Usiingize mashine uwanja ukiwa tope. CAN itarudi maji yakishapata njia: gramu 20 kwa mita ya mraba, yaani kilo 24 uwanja mzima, majani yakiwa makavu, kisha umwagilie papo hapo.