Mrejesho: mwaka mmoja wa kuwavuta vijana kwenye ufundi

Ndugu zangu, mwaka jana niliwauliza: nimepewa kazi ya kuzunguka shule za Jinja, Uganda, nikiwashawishi vijana waingie ufundi, nianzie wapi? Wengi mlisema nianze na wazazi. Sikuwasikia.

Muhula wa kwanza niliingia madarasani na hotuba. Nikaeleza sheria ya mafunzo ya ufundi, nikaeleza ngazi za vyeti. Wakasinzia. Safari ya tatu nikamwomba fundi wa kuchomea vyuma aje na mashine yake, pamoja na binti anayejifunza kwake. Binti akavaa kinyago, akaunganisha vyuma viwili, kisha akataja anacholipwa kwa geti moja. Usingizi ukaisha! Hata mwalimu mmoja aliniuliza pembeni kama nafasi ipo.

Wazazi ndio mlima. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, nimeuza ndizi miaka yote ili huyu asishike nyundo." Nilikosa jibu. Nikampeleka karakana tu, akakaa kwenye benchi hadi saa kumi jioni akikagua viatu vya kila fundi (kweli, viatu). Wiki iliyofuata kijana wake akaanza uashi.

Kati ya 19 walioandikishwa, 6 wameacha, karibu wote kwa nauli na bei ya vifaa. Hapo sijapata dawa. Anayejua sako (chama cha kuweka na kukopa) inayokopesha vifaa badala ya pesa, hasa upande wa Bugembe, aniambie.