Kwanini kuta za magemu mapya hazibomoki kama za zamani?

Msela wa Mwanjelwa

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua wiki nzima, mwenye ujuzi anifafanulie. Juzi nimemkuta dogo anacheza gemu jipya la vita, grafiksi moto kweli, mpaka jasho kwenye shingo ya askari unaliona, akarusha roketi kwenye kibanda cha mbao, cha mbao jamani, moshi ulivyotulia kibanda kiko palepale na alama nyeusi tu ukutani kama mtu kapaka masizi. Ndani kuna kiti, nacho hata hakijasogea.

Nikamwambia hebu niachie padi. Nikaweka Red Faction: Guerrilla, lile la 2009 (ninalo lile lililotolewa upya 2018 kwa ajili ya PS4 na wenzake). Unaingia na nyundo kwenye jengo la adui, unapiga nguzo ya kwanza, jengo limesimama. Ya pili, limesimama. Ya tatu unaanza kusikia vyuma vinalia na vipande vinadondoka toka juu, hapo toka mbio maana jengo linainama upande ule ule uliovunja nguzo na ukizubaa linakufukia. Dogo kaacha mdomo wazi.

Sasa hilo gemu lilikuwa linakimbia kwenye PS3, mashine yenye memori MB 512 tu, nusu ya kazi za kawaida nusu ya picha. PS4 ina GB 8. Huo uwezo wote unaenda wapi?

kodi_na_kahawa

Mkuu umeuliza kitu kizuri sana. Mimi napiga kodi na jioni huwa nahangaika na kigemu changu mwenyewe kwa hiyo hili nimekutana nalo uso kwa uso.

Kikwazo kikubwa ni mwanga, wengi hawaamini nikiwaambia. Magemu mengi yenye picha kali, mwanga wake umeshahesabiwa kiwandani kabla gemu halijafika kwako, kompyuta zinakaa masaa zinapiga hesabu taa hii ikigonga ukuta ule inarudi vipi, halafu majibu yanabandikwa kwenye kuta na sakafu kama rangi. Ndio maana inapendeza bila kuichosha mashine. Nilitengeneza chumba kimoja chenye dirisha moja, nikahesabu mwanga, kikatoka kizuri mpaka nikampigia simu rafiki yangu aje aone. Kisha nikaubomoa ule ukuta kwa majaribio. Ukuta umeondoka, dirisha limeondoka, ila ile miraba ya jua ya dirishani imebaki sakafuni vilevile! Hapo unachagua, picha ya kupendeza au ukuta wa kuvunjika, na matangazo yanauzwa kwa picha.

Halafu hiyo GB 8 isikudanganye. Prosesa ya PS4, ule ubongo unaopiga hesabu, ina kori 8 (vitengo vya kupiga hesabu) ila ni za GHz 1.6, jamii ya laptopu za bei ya chini, na kazi ya kupiga hesabu za vipande vinavyoanguka kwa kawaida inabebwa na prosesa.

Kingine, kwenye Guerrilla injini, yaani programu inayoendesha gemu, inapima kweli uzito uliokaa juu ya kila nguzo. Wachoraji wa Volition, studio iliyolitengeneza, walikuwa wanachora jengo zuri, wakiliweka ndani ya gemu linaanguka lenyewe kabla hujaligusa, ikabidi wafikirie kama wasanifu majengo. Hiyo ni gharama ambayo studio nyingi hazitaki kuisikia.

Otis wa Umoja

Kodi umesema vizuri, mi niongeze tu upande wa onlaini. Ukuta ukivunjika kwangu lazima uvunjike kwako saa ileile, la sivyo mi nakuona na wewe unadhani umejificha, hiyo ni fujo. The Finals ya 2023 iliamua hesabu za kubomoka zifanyike kwa seva, ile kompyuta kuu mnayounganishwa nayo, nyinyi wote mnaona shimo moja, na ndio maana ghorofa likishuka mle kila mtu ameshuka nalo.

Alafu kuna balansi ya mechi. Mliocheza Battlefield: Bad Company 2 ya 2010 mnakumbuka ile boksi ya kulindwa ikiwa ndani ya nyumba? Washambuliaji hawakuwa na haja ya kuingia, wanapiga kuta za chini na roketi mpaka nyumba yote inaangukia boksi, imeisha hiyo. Mi nilikuwa naipenda sana lakini naelewa kwa nini anayepanga ramani inamuumiza kichwa. Rainbow Six Siege walipita njia ya katikati, kuta zingine unatoboa zingine hapana, na unaweza kuziba na bamba la chuma, kwa hiyo kubomoa ndio imekuwa akili ya mchezo wenyewe.

Bi Mkubwa Gemu

Jamani mbona mnang'ang'ania kubomoa tu? Mimi dunia ya gemu naipima kwa kuuliza, nikifanya kitu cha akili inanijibu? Zelda Breath of the Wild ya 2017, mvua ya radi imeanza na upanga wangu wa chuma ukaanza kutoa cheche. Nikauvua haraka nikautupa katikati ya maadui nikarudi nyuma. Radi ikashuka pale pale! Hakuna aliyenifundisha. Na ukiwasha majani makavu, moto unapanda na upepo unaovuma juu, ukifungua mwavuli wako wa kurukia unanyanyuliwa.

Kanuni zao ni chache mno: moto, maji, umeme na wenzao wanabadilisha hali ya vitu, na wanabadilishana wenyewe kwa wenyewe, basi. Na hiyo ni Switch, mashine ya Nintendo, memori GB 4. Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada, uwezo upo, kinachokosekana ni mtu wa kuamua toka siku ya kwanza kwamba gemu lake litakuwa hivyo.

kodi_na_kahawa

@Bi Mkubwa hapo nakuunga mkono asilimia mia. Mwenye kompyuta atafute Teardown, ilitoka rasmi 2022, imeanzishwa na Msweden Dennis Gustafsson aliyejiandikia injini yake mwenyewe. Dunia nzima ni vijitofali vidogo, na mwanga unahesabiwa papo hapo, ukitoboa paa jua linaingia kwenye lile tundu. Nilipoiona mara ya kwanza nilikumbuka kile chumba changu.

Msela wa Mwanjelwa

Aisee nashukuru sana wakuu, hilo la mwanga sikuwahi kuliwaza kabisa, sasa nikipita kwenye gemu lolote naangalia vivuli kwanza. Dogo hajagusa lile la vita tangu juzi. Sasa hivi ananiita, kavunja upande mmoja wa daraja na gari la adui limepita salama, anauliza kwanini halijaanguka. Ngoja nikamwonyeshe nguzo aliyoisahau chini.