Guyana, Suriname au Paraguay? Siku 14, naombeni ushauri

MsafiriWaMbagala: Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tumedunduliza miaka mitatu, mwezi wa tisa tunataka kwenda Amerika ya Kusini. Rio na Machu Picchu kila mtu ana picha zake, hatuendi. Zimebaki tatu: Guyana, Suriname, Paraguay. Mimi nataka maporomoko na msitu. Mwenzangu anataka kula vizuri na kulala penye feni inayozunguka. Kihispania chetu kinaishia "gracias". Waliofika watupe ukweli.

KiparaToronto: Guyana, usijiulize mara mbili. Kiingereza ndiyo lugha ya serikali na magari yanapita kushoto kama kwetu. Maporomoko ya Kaieteur yanashuka mita 226 kwa mruko mmoja, na ukingoni hakuna uzio. Nililala kifudifudi nikachungulia, tumbo likanicheza. Ila kilichonibaki kichwani ni chura. Kuna mmea mkubwa kule ambao majani yake yanakinga maji ya mvua katikati kama bakuli. Chungulia polepole, utamwona humo chura wa rangi ya dhahabu, udogo wake kama ukucha wa kidole gumba.

Angalizo: unakwenda kwa ndege ndogo, karibu saa nzima kutoka Georgetown, na abiria wasipotimia hairuki. Mimi niliahirishiwa mara mbili. Usiiweke siku ya mwisho.

NyunduKavu: Kipara umeruka bei. Tangu mafuta yagunduliwe baharini mwaka 2015, Georgetown imejaa watu wa makampuni na vyumba vimepanda. Mimi kura yangu Paraguay. Kwa mtu wa Dar njia ni nyepesi: Addis, São Paulo, halafu ndege fupi hadi Asunción. Magofu ya Wajesuiti pale Trinidad, karibu na Encarnación, niliyazunguka jioni nzima na mbwa mmoja tu. Nikaagiza sopa paraguaya nikijua napata supu ya kuondoa uchovu, ikaletwa kipande cha mkate wa mahindi na jibini, unakata kwa kisu!

KiparaToronto: 😂 Na maporomoko je?

NyunduKavu: Hapo umenishika. Iguazú iko jirani, lakini lazima avuke mpaka kwenda Brazil au Argentina. Na bila Kihispania atahangaika, vijijini ndiyo kabisa, Kiguarani kimetawala.

BintiPanganiRotterdam: Suriname mnaipita kama kituo kisicho na abiria! Kutoka Amsterdam ni ndege moja, kama saa tisa. Serikali inatumia Kiholanzi, mtaani ni Sranan Tongo, ila Paramaribo Kiingereza kitakufikisha. Wifi anapenda kula? Jioni ampeleke mtaa wa Blauwgrond kwa Wajava, mababu zao waliletwa na Waholanzi kutoka Java, Indonesia, kufanya kazi mashambani. Aagize saoto: mchuzi mwepesi wa kuku aliyechambuliwa, yai la kuchemsha, pilipili pembeni. Kesho yake roti, yaani chapati na mchuzi wa kuku na viazi. Nilikula kwa mkono na hakuna aliyenitazama.

Lakini msiishie mjini. Barabara inafika Atjoni, hapo mnapanda mtumbwi wa injini kuukwea mto Suriname hadi vijiji vya Wasaramaka. Wazee wao walitoroka utumwani, wakapigana msituni mpaka mwaka 1762 Waholanzi wakakubali mkataba wa amani. Pwani kwetu tungewaita watoro. Mtumbwi wetu ulikuwa na kijana mbele ameshika upondo, anasukuma mawe bila neno, na nahodha nyuma anamfuata kwa macho tu. Hapo nilinyamaza, na mnanijua.

MwalimuMstaafu: Mimi sijafika huko. Ila kijana, ukiwa Georgetown ukumbuke kwamba mwanahistoria Walter Rodney, aliyetufundishia Mlimani, ni mtoto wa mji huo, na hapo hapo aliuawa kwa bomu Juni 1980. Usipite kama mtalii tu.

MsafiriWaMbagala: Shikamoo Mwalimu, nimekusikia. Sasa wakuu, nikianza Guyana siku sita, kisha Suriname nane, inawezekana kwa nchi kavu?

BintiPanganiRotterdam: Inawezekana. Kuna feri ya kuvuka mto Corentyne, kutoka Moleson Creek hadi South Drain. Lakini mabasi ya pande zote mbili na foleni za mpakani zitakula siku nzima, usipange kingine. Paraguay iache safari nyingine.

KiparaToronto: Mwezi wa tisa ni kiangazi, Kaieteur maji yanapungua kidogo, lakini barabara zinapitika. Viza za nchi zote mbili ulizia kabla ya kukata tiketi. Kadi za homa ya manjano mnazo?

MsafiriWaMbagala: Yangu ipo. Ya mke wangu iko Iringa kwenye sanduku la mamake, leo nimeambiwa sanduku lenyewe limepotea ufunguo.

NyunduKavu: Vunjeni kufuli, tiketi zinapanda.